Filimbi Aliyoikana Refa

Kijiwe chenyewe ni ubao wa ubavu wa lori kuukuu, umelazwa juu ya matairi mawili nje ya lango la ghala, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi. Ukikaa hapo unaona mambo yote ya mtaa: malori yanayoingia kinyumenyume kupakia magunia, watu wanaokwenda sokoni na wanaotoka, na Shangazi mwenye birika la kahawa, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale lakini hakuna anayethubutu kumwita vingine. Asubuhi hiyo ilikuwa siku ya pili tu tangu timu ya mtaa ishinde nusu fainali ya mpira wa magongo, mabao mawili kwa moja, na mtu angetegemea kukuta vicheko. Wapi! Ubao mzima ulikuwa umenuna. Kahawa ilinywewa kwa hasira, vikombe vikatuliwa kwa kishindo. Na aliyekuwa na hasira kuliko wote ni Rivasi, tena kwa haki yake, maana kipa aliyeumizwa goti jana ni binti yake wa kumzaa.

Rivasi si jina la kwenye kitambulisho. Kazi ya mzee huyu ni kuyaongoza malori yanaporudi nyuma kwenye lile lango jembamba, na chombo chake cha kazi ni filimbi ya chuma inayoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Pii-pii, njoo. Pii moja fupi, simama hapo hapo ulipo. Ameipuliza miaka nenda miaka rudi, mpaka watu wa kijiweni hawaisikii tena, kama mtu aliyepanga chumba jirani na mashine ya kusaga. Hata yeye mwenyewe haisikii. Analala nayo, anaoga nayo, na mkewe alishasema mpaka akachoka.

– Mimi sina maneno mengi, alisema Rivasi, ambaye hakuwa amenyamaza tangu Shangazi atue birika. Nina neno moja tu. Yule refa hafai hata kuamua ugomvi wa majogoo! Anapuliza filimbi, mtoto wangu anasimama, mpira unakuja unampiga goti. Halafu bwana mkubwa anatutolea macho: "Mimi sikupuliza." Hukupuliza? Ilijipuliza?

– Na sote tuliisikia! alidakia Mchambuzi.

Mchambuzi ndiye kinyozi. Walimpa jina hilo kwa sababu hunyoa huku akitangaza mechi, na siku ya robo fainali alimwacha mteja na ndevu za upande mmoja akakimbilia uwanjani. Mteja alimfuata huko huko na taulo shingoni, akaishia kushangilia.

– Tuliisikia vizuri sana, alisema Daktari. Kali! Iliingia sikio hili ikatokea hili.

Daktari naye hakusomea udaktari. Aliwahi kusukuma machela hospitalini, basi, tangu hapo hakuna maradhi asiyoyajua, na mgonjwa akipona bila kumuuliza yeye anaona amedharauliwa.

– Na hilo goti limeamkaje? aliuliza, akajiweka sawa kama anayetaka kuandika dawa.

– Limevimba hivi! Rivasi alionyesha kwa mikono miwili, akaona haitoshi, akaipanua zaidi. Mama yake amelikanda mpaka kumekucha. Daktari, siyo wewe, daktari wa kweli, kasema wiki tatu asiukanyagie ule mguu. Wiki tatu! Na fainali ni Jumamosi hii. Jumamosi hii, jamani!

Binti yake, ambaye uwanja mzima unamwita Komeo kwa jinsi anavyolifunga goli, alikuwa akiisubiri fainali hiyo tangu mwaka jana walipotolewa kwa bao moja. Siku ile alirudi nyumbani hakulia. Alikula, akaosha sahani, akatoka uani na gongo lake kujirushia mpira ukutani mpaka majirani wakagonga mlango. Mwaka mzima amekuwa hivyo. Rivasi alikumbuka ule mlio wa mpira ukutani, akashika kikombe akagundua kuwa alikwisha kukinywa.

– Jaza, Shangazi.

– Nijaze hasira au kahawa? alijibu Shangazi, lakini akajaza.

Lori la magunia ya mahindi lilikuwa limefika likipiga honi. Rivasi akainuka bila kuacha kusema, kikombe mkono wa kushoto, filimbi mdomoni. Pii-pii, pii-pii, pii-pii, mkono wa kulia ukiita. Kisha pii! Lori likasimama tako lake likiwa limebakiza kidole tu kugusa nguzo. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Rivasi akarudi, akaketi, akaendelea pale pale alipoachia.

– Jumamosi hii! Na golini tutamweka nani? Yule msichana wa akiba anafumba macho mpira ukija!

– Anafumba mpaka pua, alisema Mchambuzi. Halafu ngoja, kuna kitu kinaniuma mimi zaidi. Tumeshinda! Watu wameshinda, hawajafurahi! Umemwona Sindano jana? Kachomoka pembeni, kampita wa kwanza, kampita wa pili, mpira umeganda kwenye gongo utadhani umepakwa gundi, kipa wao anatoka, Sindano anamwekea kulee... bao! Watu hawajakaa vizuri. Halafu kona fupi, anakuja Mama Mapacha. Mwanamke ana watoto wawili nyumbani wanaopokezana kulia, hajui usingizi una rangi gani, lakini ule mpira aliupiga ukaenda chini chini ukagonga ubao wa goli, ko! Mimi leo nilitakiwa niwe nimepotewa na sauti kwa kuimba. Badala yake nimekaa na nyinyi hapa tunanuniana.

– Mawili ni machache, alisema Daktari. Yalitakiwa matano. Na mtu asiniambie habari za Sindano, Sindano ni mgonjwa. Hamkuona vidole vyake? Viwili amevifunga pamoja na kitambaa. Nilimtazama kwa mbali nikajua. Mshipa.

– Kwako wewe kila kitu mshipa.

– Ndiyo, mshipa! Unadhani mwili umeshikwa na nini, misumari?

– Tusitoke nje ya mada! alifoka Rivasi. Mada ni refa!

Shangazi alikuwa anafuta vikombe. Akasema bila kuinua macho:

– Huyo refa mnayemtafuna tangu jana, nimepita kwake asubuhi. Hajafungua.

Refa ni fundi cherehani wa mtaa wa pili, kijana mpole, mtu wa kupima suruali yako mara mbili na kukuomba radhi kwa pini ambayo haijakuchoma. Yeye na mwenzake ndio waliochezesha jana, kila mmoja na nusu yake ya uwanja, na nusu ya goli la Komeo ilikuwa yake.

– Hajafungua kwa aibu, alisema Mchambuzi.

– Hajafungua kwa sababu jana jioni watu walimpigia kelele mlangoni, wengine nawafahamu na vinyozi wamo, alisema Shangazi. Mkewe kaniambia mtoto wao kakataa kwenda shule. Wenzake wanamwita mtoto wa mwongo. Na leo saa nane chama cha magongo kinakaa kumjadili. Wakimwona na hatia, ndiyo basi tena, hachezeshi maishani.

– Na wamwone! alisema Rivasi. Mimi mwenyewe nimeitwa nikaseme, kama mzazi. Na nitasema! Nikimaliza kusema pale, hata akiona filimbi ya mchezo wa watoto atakimbia.

– Haya, alisema Shangazi. Wewe ndiye mzazi. Lakini niulize kitu mimi nisiyejua magongo. Kama filimbi ililia na nyote mliisikia, mbona wale wachezaji wengine hawakusimama? Uwanja umejaa watu, kasimama mmoja tu?

Rivasi aliruka kutoka kwenye ubao kama aliyekalia kaa la moto.

– Kwa sababu ana adabu! Ndiyo maana kasimama! Mimi mtoto wangu nimemlea hapa hapa kwenye lango, malori yanaingia, malori yanatoka. Tangu anatambaa nimemfunza: ukisikia filimbi fupi, ganda. Usitazame huku, usitazame kule, ganda! Mara ngapi imemwokoa? Kuna siku alikuwa anakimbilia mpira wake, lori linarudi, dereva hamwoni. Nikapuliza. Pii! Mtoto akasimama mguu mmoja juu! Tairi likapita hapa na yeye yuko pale. Waulizeni madereva wa zamani. Sasa mtu kama huyo akisikia filimbi ya refa asisimame? Atakuwa mtoto wa nani? Hao wengine ndio wa kuulizwa walilelewa wapi!

– Kweli kabisa, alisema Mchambuzi. Adabu imemponza.

– Adabu imemvunja goti, alisema Daktari kwa huzuni.

Shangazi alimtazama Rivasi kwa muda, kisha akatazama birika lake.

– Mimi nitawaambia kwa nini wengine hawakusimama, alisema Mchambuzi, akivuta kitako chake mbele. Walikuwa wameambiwa! Yule refa ana filimbi mbili. Moja ya halali, ya kila mtu. Ya pili ni ya mpango. Wale wapinzani wetu wa ng'ambo ya reli walishaambiwa kabla: mkisikia ile nyembamba, msisimame, pigeni. Na yule mshambuliaji wao, yule mrefu, mlimwona alivyolinyanyua gongo? Haikuwa kupiga mpira ile. Ile ilikuwa kuchanja kuni!

– Na wetu je? aliuliza Shangazi. Mabeki wetu nao waliambiwa?

– Wetu... Mchambuzi akakuna kichwa. Wetu waliduwaa.

– Si hivyo, si hivyo kabisa, alisema Daktari. Mnafikiri kama watu wasiopita hospitali. Swali ni moja: nani anafaidika? Wale wa ng'ambo ya reli wametolewa, hawafaidiki chochote. Anayefaidika ni yule atakayecheza na sisi Jumamosi! Wametuacha tushinde makusudi ili twende fainali hatuna kipa. Na goti halikupigwa popote tu. Lilipigwa ndani, kwa upande, pale ambapo kinga ya mguu haifiki. Pale pana mshipa. Aliyepachagua pale kasoma.

– Uuuwi! alisema Mchambuzi. Kumbe!

– Kasoma sana huyo.

Rivasi alikuwa anatikisa kichwa, jasho limemtoka. Kila neno lilimwingia. Usiku wote alikuwa akiliona lile tukio, lakini likija kwa vipande: yule mrefu anaingia ndani ya nusu duara, gongo linapanda juu, mtoto wake ameinama pale golini na kofia yake kubwa ya chuma, halafu moyo wa Rivasi unaruka mpaka kooni. Halafu kelele. Halafu Komeo yuko chini anashika goti, na mpira, baada ya kumgonga, umetoka nje. Haukuingia. Hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi, kwamba ushindi wenyewe uliokolewa na goti la mtoto. Akainuka akamaliza mechi kwa mguu mmoja, akaupangua na mpira mwingine kwa tumbo, na filimbi ya mwisho ilipolia ndipo akalala chini akaomba abebwe.

– Lakini kuna kitu sielewi, alisema Mchambuzi, na kwa mara ya kwanza alisema polepole. Nikiipanga ile picha vizuri, refa alikuwa mbele, kulia, pembeni ya nusu duara. Sisi tulikuwa nyuma ya goli na madebe yetu ya kushangilia. Na mimi ile filimbi niliisikia karibu. Karibu sana.

– Hata mimi! alisema Daktari. Niliisikia hapa, kama imepulizwa begani.

– Sasa refa yuko kule, filimbi iko huku?

Rivasi naye alikunja uso akifikiri kwa nguvu zote.

– Anatupa sauti! alisema Daktari, akapiga paja. Wapo watu wanaoweza! Hospitalini alikuwepo mgonjwa mmoja, anaongea huku mdomo umefungwa, sauti inatokea chini ya kitanda. Wauguzi walihama wodi!

– Filimbi haitupwi bwana, hiyo ni sauti ya mtu, alisema Mchambuzi. Labda kasuku.

– Kasuku?

– Kasuku. Ndege wa kijivu anayeiga. Unamfundisha kupiga filimbi kama ya refa, unakuja naye uwanjani ndani ya koti, unamwachia juu ya mlingoti nyuma ya goli. Dakika ikifika, unampa ishara.

Mahali pengine watu wangecheka. Pale hapakuwa na aliyecheka. Rivasi alikuwa amesimama wima, kidole juu.

– Nilimwona!

– Ulimwona?

– Kitu cha kijivu! Juu ya mlingoti! Nikasema moyoni, ndege gani huyu anatulia hivi na kelele zote hizi? Wallahi nilimwona! Basi yamekwisha! Leo saa nane nawaambia wote: refa, mshambuliaji na ndege! Na mwenye ndege!

– Mwenye ndege ndiye mkubwa wao, alisema Daktari.

– Jamani, alisema Shangazi, mnataka kumfungisha fundi cherehani wa watu duka kwa ajili ya kasuku?

– Shangazi, wewe hujaumizwa mtoto! alifoka Rivasi, na macho yalikuwa mekundu kweli. Usiniambie habari za duka! Mimi mwanangu yuko kitandani, anageuza uso ukutani nisimwone analia. Mtu lazima awajibike. Lazima! Sitakubali apite hivi hivi kama upepo.

Shangazi akainamisha kichwa. Hilo lilikuwa kweli.

Ndipo Mchambuzi, aliyekuwa akitazama barabarani, aliposema:

– Hayuko kitandani.

Komeo alikuwa anakuja taratibu kando ya ukuta wa ghala, mikongojo miwili kwapani, goti limefungwa bendeji nene, uso umekaza. Watu watatu waliinuka kwa pamoja kumpisha, ubao ukapinduka, ukarudishwa, wakagombana nani anashika upande gani.

– Nani kakuruhusu kutoka? alisema Rivasi. Mama yako yuko wapi?

– Shikamoo Baba. Shikamooni. Shangazi, shikamoo.

– Marahaba mwanangu. Kaa. Unywe kahawa.

– Sikai, nikikaa sitainuka tena. Nimekuja kwa sababu na mimi nimeitwa kwenye kile kikao cha saa nane.

– Vizuri! alisema Rivasi. Tutakwenda wote. Wewe utasimama na mikongojo yako hivyo hivyo, wakuone. Mimi nitasema. Yote tumeshayapanga.

– Ndiyo maana nimekuja, Baba. Kuna kitu nimekiwaza usiku kucha, na sitaki nikafike mbele ya watu nikaseme uongo. Refa alikuwa mbele yangu. Nilikuwa namwona kabisa. Mkono mmoja ameunyoosha hivi, na filimbi iko kwenye huo mkono. Haikuwa mdomoni. Mimi niliisikia nyuma yangu, nyuma ya wavu.

Akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa anamshitaki mtu. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayeuliza njia.

– Nyuma ya wavu kulikuwa na nani?

Daktari alisema "Kuna ndege mmoja..." kisha akakutana na macho ya yule binti, na ndege akafia mdomoni. Nyuma ya wavu walikuwa wao. Watu watatu na madebe mawili. Hapakuwa na mwingine; wao wenyewe ndio waliowafukuza wengine wote pale, wakisema mahali hapo ni pa wazee wa timu.

– Kelele zilikuwa nyingi, alisema Mchambuzi mwishowe.

– Nyingi mno, alisema Daktari.

Kulikuwa na jambo linamtekenya Rivasi kifuani, hakujua ni nini, na hakutaka kujua.

– Basi, alisema Komeo. Nitasema hivyo hivyo nilivyosikia. Naenda kubadili nguo.

Akageuka, akaanza kurudi kwa ile njia yake ya polepole, mkongojo, mkongojo, mguu. Walimtazama mgongo. Shangazi aliinua birika kumimina, likatoa matone mawili na machicha.

– Kahawa imekwisha, alisema, ingawa hakuna aliyeomba.

Wakati huo lori jingine lilikuwa limekwisha kugeuza tako kuelekea langoni, dereva ana haraka, hakungoja aongozwe. Na nyuma yake, kutoka upande asiouona, msukuma mkokoteni wa maboga alikuwa anakatiza, kichwa chini, anasukuma. Rivasi hakufikiri. Mkono ulikwenda kifuani wenyewe, filimbi ikapanda mdomoni yenyewe.

Pii!

Lori likasimama. Mkokoteni ukasimama. Na kule mbali, kando ya ukuta, ambako hapakuwa na hatari yoyote, Komeo naye akasimama. Akaganda. Mgongo ulinyooka, mikono ikashuka chini, mikongojo yote miwili ikamponyoka ikaanguka barabarani, na yeye akabaki amesimama kwa mguu mmoja, kichwa wima, hatazami huku wala kule. Vile vile kabisa alivyosimama jana golini.

Boga moja lilidondoka kutoka kwenye mkokoteni likabingirika likaenda kulala kwenye mfereji.

Alipogeuka, aligeuka polepole, ameshika ukuta.

– Baba, alisema. Ndiyo hiyo.

Filimbi ilimtoka Rivasi mdomoni ikagonga kifungo cha shati. Alitaka kusema kasuku. Alitaka kusema refa, na yule mrefu, na watu wa fainali, na wote aliowatukana tangu jana. Sasa kile kipande cha tukio kilichokuwa kikikosekana usiku kucha kilikuwa kimekuja chenyewe, kimekaa mahali pake: gongo la yule mrefu liko juu, moyo uko kooni, na baridi ya chuma iko kati ya meno yake.

– Niliona linakuja kwako, alisema. Lile gongo. Niliona linakuja kwako mwanangu, mimi nika... Sijui. Nilitaka lisimame.

– Najua.

– Sikujua kama nimepuliza. Naapa sikujua.

– Najua, Baba, alisema Komeo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote ilikuwa imeshika ukuta. Lakini fainali nimeikosa. Na yule fundi hakupuliza. Sasa kule saa nane, utasema wewe, au niseme mimi?

Rivasi alitazama ubaoni. Mchambuzi alikuwa anakagua kucha zake. Daktari alikuwa amegundua kuwa kamba ya kiatu chake imelegea. Shangazi pekee ndiye aliyekuwa anamtazama usoni, na hakumwonea huruma wala hakumcheka.

Akaivua ile filimbi. Ilimkwama masikioni, maana kichwa chake kilikuwa hakijazoea kuivua, akaivuta kwa nguvu, akaining'iniza kwenye msumari wa ubao. Akatembea mpaka kwa binti yake, akaokota mkongojo wa kwanza, akaokota wa pili, akaufuta vumbi kwa mkono wa shati, akamwekea kwapani mmoja mmoja.

– Nitasema mimi, alisema. Lakini kwanza tupitie kwa fundi cherehani. Kabla ya saa nane. Asiende kule akidhani yuko peke yake.

Wakaanza kwenda, mzee akifuata mwendo wa mikongojo.

Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani, amekasirika.

– We mzee! Unakwenda wapi? Nirudi, nisirudi?

Mchambuzi alimtazama Daktari. Daktari akaitazama filimbi pale kwenye msumari. Ilikuwa bado inapembea kidogo, na hapakuwa na aliyenyoosha mkono.